Mtoto wa Mitundu Hana Mjomba Dodoma



Wiki mbili zilizopita tulikuwa na kikao cha vijana wa kata. Ajenda ya tatu ilikuwa ajira. Akasimama kamanda mmoja ninayemheshimu sana, mtu ambaye ameshalala mahabusu kwa ajili ya chama hiki, akasema maneno yaliyopigiwa makofi kuliko kitu kingine chochote siku ile: "Vijana, acheni kujidanganya. Ajira Portal ni geresha. Majina yanakuwa yameshapangwa. Unatuma maombi mwaka mzima, unamaliza bando tu. Ukitaka kazi nchi hii, tafuta watu. Jenga koneksheni."

Watu wakashangilia. Mimi sikupiga makofi, lakini pia sikusimama kumjibu. Nilikuwa na sababu ya kunyamaza, nitaisema hapa chini, na ni ya aibu kidogo. Leo namjibu kwa heshima zote, kwa sababu naamini kamanda wetu amekosea, na kosa lenyewe ni kubwa kuliko anavyodhani. Tukilikubali, hatuna tena la kuiambia CCM kwenye suala la ajira. Tutakuwa tunagombania nafasi kwenye foleni ile ile ya kwenda kwa mjomba.

Tuanzie nyumbani

Kwa msiopajua kwetu: Mitundu ni kata ya Halmashauri ya Itigi, wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Ni watu wa asali, alizeti na tumbaku. Treni ya reli ya kati inapita Itigi. Kwetu tunapanda gari na vumbi letu. Mhitimu akirudi nyumbani na cheti chake, kutafuta kazi kunafanyika sehemu moja: steshenari. Pale kuna kompyuta, kuna printa, na kuna kijana mmoja ambaye ndiye anayejua pasiwedi za nusu ya wahitimu wa kata. Umeme ukiwepo na mtandao ukishika, anakufungulia akaunti, anaskani vyeti, anakuandikia barua. Ukikosea namba ya NIDA, mnaanza upya, na hela inaanza upya.

Tangazo linataka vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria. Mimi nasoma sheria na sijawahi kuona ofisi ya wakili Mitundu. Kwa hiyo mtu anapanda gari na mabegi ya watu na magunia, analala mjini kwa shangazi kama anaye, anagongewa mhuri, anarudi. Hapo bado hajaomba kazi. Hapo amepata haki ya kuomba.

Kaka yangu ana stashahada ya mifugo. Ameomba kazi kwenye mitandao ya serikali na ya binafsi mpaka kijana wa steshenari akawa anamkopesha. Mara moja taasisi moja, sitaitaja, ilimwita kwenye usaili. Akauza mbuzi wawili, akaenda, akafaulu mtihani wa kuandika, akaingia kwenye mahojiano ya ana kwa ana. Majina yalipotoka, lake halikuwepo. Alipata alama ngapi? Hajui. Alizidiwa na nani, kwa kiasi gani? Hajui. Mpaka leo hajui. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kila kitu kilikuwa kimepangwa, atakuamini, na huwezi kumlaumu.

Kwa hiyo sikatai kwamba watu wamechoka. Nabishana na dawa tunayoandikiwa.

Barua yangu na simu ya mzee

Sasa ile aibu yangu. Mwaka jana nilihitaji sehemu ya kufanyia mazoezi kwa vitendo, ile tunayoiita field. Nikaandika barua pepe kwa ofisi 11 za mawakili. Nikaambatisha matokeo yangu, ambayo, sijisifu, ni mazuri. Nikasubiri wiki 3. Haikujibu hata moja, hata "tumepokea" sikuiona.

Mama akaongea na mzee mmoja wa kanisa. Mzee akapiga simu kwa mtu aliyesoma naye sekondari. Kesho yake asubuhi nikaambiwa, "Njoo Jumatatu." Hakuna aliyeniuliza matokeo. Hakuna aliyeniuliza hata nipo mwaka wa ngapi.

Wiki ya pili nikapewa kazi ya kupanga mafaili. Chini ya kabati nikakuta bahasha kubwa yenye barua za wanafunzi wa vyuo mbalimbali wanaoomba field. Zilikuwa zimechapishwa na kuwekwa pale, hazina hata alama ya kalamu. Barua yangu mwenyewe ilikuwa ya nne kutoka juu. Ofisi ile ilikuwa mojawapo ya zile 11.

Niliishika muda mrefu. Mimi wa kwenye barua na mimi wa kwenye simu ni mtu yule yule, mwenye alama zile zile. Wa kwenye barua alitupwa chini ya kabati, wa kwenye simu akakaribishwa chai. Na barua zilizokuwa juu na chini ya yangu zilikuwa za watu. Kuna aliyesoma kuliko mimi mle ndani, sina shaka. Hakuwa na mzee wa kanisa.

Ndiyo maana siku ile kwenye kikao nilinyamaza. Nilijiona sina mdomo wa kusema wakati nami nilibebwa. Nimelifikiria tena, naona ni kinyume: aliyeonja koneksheni ndiye anayejua inavyofanya kazi. Na nakiri kwamba nafasi ile sikuishinda. Nilipewa.

Koneksheni zinagawanywaje?

Wahamasishaji wa kwenye majukwaa wanatuambia koneksheni zinajengwa. Vaa vizuri, hudhuria makongamano, omba namba za simu. Inaonekana kama kila kijana ana shamba lake la kulima watu.

Mwaka 1974 msomi mmoja wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha kitabu kuhusu namna watu wanavyopata kazi. Alichunguza wafanyakazi wenye taaluma, mafundi na mameneja wa mji wa Newton, karibu na Boston. Zaidi ya nusu walikuwa wamepata kazi kupitia watu wanaowafahamu. Hapo kamanda wetu atasema, si mnaona, hata Marekani. Ngoja kwanza. Granovetter aliona jambo lingine: watu waliowasaidia wengi wao hawakuwa watu wanaoonana nao kila siku. Walikuwa watu wa kufahamiana kwa mbali, mtu mliyewahi kufanya naye kazi, mtu mnayekutana mara chache kwa mwaka. Sababu ni rahisi. Wa karibu yako anajua unachokijua wewe. Wa mbali ndiye anayekuja na habari ya mahali usipofika.

Sasa ilete hiyo Mitundu. Mama yangu anafahamu watu kuliko mbunge. Kukiwa na msiba watu wanajaa mpaka barabarani. Kuchangiana tunachangiana, kulima tunalimiana. Lakini katika wote wale, nani atasikia nafasi ya kazi wizarani kabla yangu? Utajiri wetu wa watu ni mkubwa, ila wote tumekaa chini ya mwembe mmoja. Watu wa karibu tunao tele. Watu wa mbali wenye funguo za ofisi hatuna.

Mtoto wa kigogo anazaliwa nao. Amesoma shule moja na mtoto wa mkurugenzi. Baba yake yupo kwenye kamati ya harusi na kamishna. Yeye hajajenga chochote, amekuta nyumba imeshapauliwa. Ukimwambia yeye "tafuta watu" umemwambia afungue simu yake. Ukimwambia kaka yangu "tafuta watu" umemwambia azaliwe upya.

Na sisi wa upinzani tuna tatizo la ziada. Tujiulize, hao "watu" wanaotafutwa ni akina nani hasa? Huku kwetu, kuanzia kazi za muda za vijijini mpaka barua ya utambulisho, anayeweza kukushika mkono mara nyingi ni mwenye kadi ya kijani. Mnakumbuka tulivyokuwa tunaimba vua gamba vaa gwanda? Kamanda anapomwambia kijana wetu atafute koneksheni, anamwambia avue gwanda akavae gamba. Vijana wangapi wazuri tumewapoteza hivyo? Hawakushawishiwa na sera. Walikuwa na njaa, na mtu akawaambia mlango upo, ila unafunguliwa kwa salamu fulani.

Halafu mniruhusu niseme kama msichana

Kuna jambo wanaume kwenye kikao hawakuligusa. Msichana akiambiwa "tafuta watu wa kukusaidia", mara nyingi anaelekezwa kwa mwanaume mwenye umri wa baba yake, jioni, mahali ambapo hapana ofisi. Tunajua. Mabinti wa vyuo tunajua, tunaambiana kimya kimya nani wa kumkwepa.

Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema wazi: mwenye mamlaka akidai ngono kama sharti la kukupa ajira, kukupandisha cheo au kukupa haki yoyote, ametenda kosa la jinai. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Sheria ipo. Lakini koneksheni inafanyika gizani, hakuna tangazo, hakuna orodha, hakuna shahidi. Utathibitishaje kwamba ulinyimwa nafasi ambayo haikuwahi kutangazwa?

Mfumo wa kompyuta una matatizo mengi, ila haujawahi kuniomba tukutane gesti.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni

Kamanda alisema Ajira Portal ni geresha. Mimi naomba tukumbuke kwa nini Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilikuwepo tangu mwanzo. Iliundwa kwa marekebisho ya mwaka 2007 ya Sheria ya Utumishi wa Umma, Sura ya 298. Kabla ya hapo waajiri wa umma walikuwa wakijiajiria wenyewe, na kila ofisi ilikuwa na namna yake ya kuwajua watu wake. Watanzania wakalitungia hilo jina kabisa: undugunaizesheni. Lugha haitungi neno kwa kitu ambacho hakipo.

Mnataka mfano wa taasisi kujiajiria? Mwaka 2014. Mwezi wa sita, zaidi ya vijana 10,000 walijazwa uwanja wa mpira Dar es Salaam kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha zile zilizunguka nchi nzima, vijana na shahada zao wamekaa kwenye viti vya mashabiki. Muda si mrefu ikatoka orodha nyingine ya walioajiriwa idara hiyo hiyo kwenye vyeo vya chini, na malalamiko yakawaka kwamba imejaa ndugu na jamaa za watumishi. Wizara ya Mambo ya Ndani ikasimamisha ajira zile, ikaunda kamati ya uchunguzi, na mwisho zikafutwa.

Angalieni vizuri kilichotokea. Wale ndugu walijulikana kwa sababu kulikuwa na orodha. Watu waliyasoma majina, wakayatambua, wakapiga kelele. Bila orodha ile ya hadharani, wangekuwa kazini mpaka leo na hakuna ambaye angejua pa kuanzia. Tangazo la wazi na orodha ya wazi ndizo silaha alizonazo mtu asiye na mtu. Zimepinda, zina kutu, lakini ni zetu. Kamanda anataka tuzitupe halafu tuingie uwanjani na silaha ambayo adui anayo zaidi yetu mara elfu.

Na Katiba ipo upande wetu. Ibara ya 22 haiishii kusema kila mtu ana haki ya kufanya kazi. Ibara ndogo ya pili inasema kila raia anastahili fursa sawa ya kushika nafasi yoyote ya kazi iliyo chini ya mamlaka ya nchi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa misingi ya kabila, mahali mtu alipotoka, maoni yake ya kisiasa, jinsia na mengineyo, na inamhesabu hata mtu ambaye ndiyo kwanza anaomba kazi. Kimemo kutoka kwa mheshimiwa ni ubaguzi. Kinambagua kila mtu ambaye mheshimiwa hamjui, yaani karibu nchi nzima.

Mahesabu hayadanganyi

Sasa tusije tukawa na sisi wapiga debe wa mfumo. Mwaka 2025 TRA walitangaza nafasi 1,596. Maombi yalikuwa 135,027. Gawanya: ni karibu watu 85 kwa kila kiti. Walioitwa kwenye usaili wa kuandika mwezi wa tatu walikuwa 112,952. Mwaka huo huo walimu wasio na ajira wakaunda umoja wao, NETO, wakisema wamekaa mtaani miaka na miaka na sasa wanawekewa usaili juu ya vyeti ambavyo serikali yenyewe iliwapa.

Kwa namba kama hizo, hata mfumo ungekuwa safi kama maji ya mvua, watu 84 kati ya 85 wangerudi nyumbani. Hilo ni kosa la uchumi na la waliouongoza miaka yote hii, na hapo CCM hawana pa kujificha. Waziri anaposimama na kutuambia "vijana jiajirini" wakati mwanawe ana kazi ya kudumu, anatutukana.

Lakini angalieni namba zile zile zinavyoivunja hoja ya koneksheni. Koneksheni haiongezi kiti hata kimoja. Viti vinabaki 1,596. Inachobadilisha ni makalio yatakayokaa. Ukimshauri kijana mmoja atafute koneksheni, pengine umemsaidia. Ukiwashauri vijana 135,027 watafute koneksheni, hujamsaidia yeyote, umefungua mnada. Na mnada ukishafunguliwa, penye udhia penyeza rupia, sisi wa alizeti tutashindana na nani?

Tukumbuke pia kwamba mitandao ya binafsi ina wezi wake. Kijana anaona tangazo kwenye kundi la simu, kampuni kubwa, mshahara mzuri, "tuma elfu 30 ya fomu". Mwenzangu mmoja alituma. Namba ilizimwa jioni ile ile. Siyo kila kinachoitwa tangazo la kazi ni tangazo la kazi, na hapo serikali imelala. Ila ona pia mtego wake: tapeli anafanikiwa kwa sababu tumeshaaminishwa kwamba kazi haipatikani bila kumpa mtu kitu. Angekuja kwa kijana anayeamini kazi ni haki, asingepata hata buku.

Tudai nini basi?

Kulalamika tumeweza. Napendekeza tudai mambo haya matano, kwa jina, kila mkutano, kila mahali tunaposhika kipaza sauti.

Kwanza, kila nafasi ya umma itolewe hesabu yake hadharani: walioomba wangapi, walioitwa wangapi, waliofaulu wangapi, walioko kanzidata wangapi, na aliyeitwa kutoka kanzidata aliitwa kwa utaratibu gani. Namba hizi zipo kwenye mfumo. Ni suala la kuzifungua.

Pili, kila aliyefanya usaili apewe alama zake, za kuandika na za mahojiano, na sababu ya kutochaguliwa. Kaka yangu aliuza mbuzi wawili. Jibu la mstari mmoja ni haki yake. Mbeleko inajificha kwenye mahojiano ya ana kwa ana, kwa hiyo mahojiano yarekodiwe, na kila mjumbe wa jopo atamke kwa maandishi kwamba hana undugu wala biashara na msailiwa. Akidanganya, awajibishwe.

Tatu, kazi za muda nazo zitangazwe. Vibarua vya miradi ya halmashauri, uandikishaji, ukusanyaji wa takwimu. Huku vijijini hizi ndizo kazi zenyewe, na ndizo zinazogawanywa zaidi kwa macho. Orodha ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kata, walioomba na waliochukuliwa, tusome wenyewe.

Nne, kila kata iwe na sehemu ya kuombea kazi bila malipo. Shule za sekondari zenye kompyuta zifunguliwe jioni. Kuthibitisha vyeti kufanyike pale pale kata au kufutwe kabisa mpaka mtu aitwe kazini. Serikali ndiyo iliyotoa vyeti, inashindwaje kuvitambua? Na hili sharti la wadhamini watatu lifikiriwe upya. Mtoto wa mkulima anawatoa wapi watu watatu wa kuaminika wenye anwani za ofisi? Mfumo uliokuja kuua kujuana unatudai majina ya tunaowajua.

Tano, kimemo kiwe kosa linaloshitakiwa. Sheria ya rushwa inakataza matumizi mabaya ya madaraka, kifungu cha 31. Ofisa akipokea simu ya mheshimiwa kuhusu jina fulani, aiandike, na itolewe taarifa. Tuone simu ngapi zitapigwa tena.

Na sisi je?

Nimalizie na sehemu ambayo huenda isinipe marafiki.

Baada ya kikao kile, kamanda mwingine alinifuata nje. Mtu mwema, anijali. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe endelea kupambana. Siku tukishika nchi utakumbukwa, wewe ni mwanasheria wetu." Alisema kwa upendo. Nikacheka, nikamshukuru. Usiku sikulala vizuri.

Kwa sababu hicho ndicho kimemo. Hakijaandikwa bado, lakini kimeshaahidiwa. Ni wangapi kati yetu tuliomo humu tunavumilia virungu tukihesabu kwamba siku moja tutakumbukwa? Na wale ambao hatutawakumbuka, yule binti wa Mitundu ambaye hajawahi kuhudhuria kikao chetu, aliyechagua kunyamaza, aliyeipigia CCM kura kwa sababu bibi yake alimwambia, yeye barua yake itawekwa chini ya kabati gani?

Tukiingia madarakani na orodha ya wa kukumbukwa, tutakuwa tumebadilisha wajomba. Ile ndoto ambayo watu wamekaa mahabusu kwa ajili yake itaishia hapo. Na wananchi siyo wajinga, wanatuangalia tunavyogawana hata posho za mawakala.

Kwa hiyo naomba baraza letu la vijana litoe tamko, liandikwe, lisainiwe na viongozi wote kuanzia kata: hatutaomba kimemo, hatutaandika kimemo, na siku tukipewa dhamana hakuna kamanda atakayepata kazi ya umma kwa sababu ya ukamanda wake. Nafasi za kisiasa ni jambo lingine, kila mtu anazijua. Nazungumzia ualimu, unesi, uhasibu, utendaji wa kijiji. Zile kazi ambazo mtoto yeyote amezisomea.

Nami naanza. Nikimaliza shahada, Mungu akipenda, nitaenda shule ya sheria, halafu nitaomba kazi kama wengine. Nitakaa steshenari, nitaskani vyeti, nitasubiri. Nikihitaji field nyingine, mzee wa kanisa nitamsalimia shikamoo na nitaishia hapo. Najua itanigharimu. Pengine nitakaa nyumbani mwaka, pengine miwili, na mama atanung'unika kwamba ninajidai.

Makamanda, kwa yule aliyeniahidi: nakushukuru kaka yangu, na najua ulisema kwa moyo mweupe. Lakini siku tukishika nchi, usinikumbuke. Tangaza nafasi, niite kwenye usaili na wale 84 wenzangu, tupe mtihani mmoja, halafu bandika alama zetu ukutani. Nikifeli, nitajua nimefeli wapi.

Tukutane kikao kijacho. Safari hii nitasimama.